Sigara, muguka, nyama, maziwa: mpaka wako uwe wapi? Njia tatu kwa mtu wa Mombasa

Wiki mbili zilizopita, kwenye kivuko cha Likoni, kijana mmoja anayenijua tangu nilipokuwa nikivuta alinishika bega akaniuliza: "Kaka, nataka kujisafisha. Sasa niache nini na nini?" Mkononi alikuwa na kifuko, kilichobaki nusu, cha muguka, yale majani ya kutafuna yanayomfanya mtu akeshe. Kuacha alikuwa ameshaamua. Kilichomkwamisha ni mpaka: aishie kwenye sigara na muguka, aache na nyama pia, au afike hadi kwenye maziwa na mayai kama nilivyofika mimi. Feri ilitia nanga ng'ambo kabla sijamaliza jibu, ndiyo maana nimeketi kuliandika.

Mimi sivuti, sinywi, situmii chochote cha kulevya, na sili wala sivai kitu kilichotoka kwa mnyama. Huu ni mwaka wa tisa. Nayapenda maisha haya na nayatetea popote, kwa sababu yamenirudishia usingizi, pesa na heshima mbele ya mamangu. Lakini nimeshuhudia watu wakijitwika mpaka wa mtu mwingine, wakaanguka nao, kisha wakarudia kila kitu kwa mpigo. Kwa hiyo simwambii mtu "njoo nilipo". Nitazitandika njia tatu mkekani, nizipime kwa vipimo vilevile, na kila mtu aangalie ipi inaingia katika maisha yake.

Kwanza tuelewane: kileo ni kipi?

Nikisema vileo namaanisha tumbaku ya namna zote, pombe ya chupa na ya mnazi, bangi, miraa, muguka, vidonge vya kulevya na unga, yaani heroini. Wengi watabisha kwenye muguka, kwamba ni halali. Kwa sheria ya nchi ni kweli. Mei 2024 gavana wetu, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa Mombasa. Haukupita muda Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu, huko linakolimwa, ikaisimamisha. Mkulima wa Embu ana watoto wa kusomesha, simlaumu. Lakini mtu aliyekesha siku mbili macho makavu, kisha akaporomoka kwa huzuni asiyojua imetoka wapi, hahitaji hakimu wa kumwambia kwamba amelewa. Sigara nayo inauzwa kihalali chini ya sheria ya tumbaku ya 2007, na shisha ilikuwa halali mpaka Desemba 2017. Ukitaka kujua kama kitu ni kileo kwako, angalia kinakufanya nini, usiangalie kimeandikwaje kwenye gazeti la serikali.

Tambuu, lile jani la kutafuna linalokunjiwa popoo ndani, ndiyo iliyoniuma. Ya tumbaku haina mjadala, ni tumbaku. Isiyo na tumbaku bado ina popoo, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka popoo peke yake, bila tumbaku, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyanya yangu alikuwa akinikunjia tambuu yenye karafuu baada ya chakula cha Ijumaa, na kumwambia basi ilikuwa vigumu kuliko kuacha pakiti ya sigara. Kahawa chungu sijaiacha. Wako wanaoishi kama mimi wanaoikata pia kwa ajili ya kafeini, na nawaheshimu, lakini kikombe kile kidogo barazani baada ya Isha sijaona kikimtoa mtu akili.

Vipimo vinne

Mfuko: njia inakuokolea nini na inakudai nini, kwa bei za masoko ya Marikiti na Kongowea.

Mwili: inakupa nini, na inakunyima nini ambacho lazima ukifidie.

Sinia: hapa kwetu mtu hali peke yake. Harusi, hitima, futari, Idd, kote unakutana na watu wanne watano wamezunguka sinia moja. Njia isiyopita kwenye sinia haidumu, hata iwe nzuri namna gani nyumbani kwako.

Kudumu: mwezi wa kwanza kila mtu ana nguvu. Angalia mwaka wa tatu.

Njia ya kwanza: vileo vitoke, kitoweo kibaki

Hii ni kuacha kila kinacholevya na kuendelea kula samaki, nyama, kuku, maziwa na mayai kama kawaida.

Mfuko. Hakuna njia inayorudisha pesa upesi kama hii. Chukua unachotoa kwa siku, zidisha kwa 365. Anayetoa shilingi 200 kwa sigara na muguka anatoa 73,000 kwa mwaka, na hapo sijahesabu soda na njugu za kusindikizia, wala siku za kazi zilizolaliwa. Jikoni hakuna kinachobadilika, kwa hiyo huongezi hata senti.

Mwili. Moyo unaanza kutulia ndani ya dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka mpaka karibu nusu ya ile ya mvutaji. Muguka ukiuacha, tarajia usingizi mzito na moyo kuwa mzito siku za mwanzo. Hali hiyo hupita.

Pombe ni habari nyingine, na hapa nataka nisikilizwe vizuri. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake chumbani. Mwili uliozoea unaweza kuingia kwenye degedege na kuweweseka, na hali hiyo huua. Aende hospitali, aache akiwa anaangaliwa. Unga nao una mtego wake. Aliyeacha kwa wiki chache kisha akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa nacho, kwa sababu mwili haukistahimili tena. Anayehudhuria kliniki ya methadone Kisauni asikubali kuambiwa kwamba "bado anatumia". Ile ni dawa anayopimiwa na kunywa mbele ya muuguzi, na ndiyo iliyomtoa kwenye sindano. Kwangu mimi mtu huyo yuko ndani ya njia hii kwa miguu miwili.

Sinia. Kwenye chakula huna tabu yoyote. Mji wa Kale, Majengo au Bondeni, hakuna atakayekuuliza kwa nini hunywi. Kutokunywa ndiyo ada. Ugumu wako uko maskani, saa kumi na moja jioni, kifuko kikiwa katikati na kila mkono unaingia. Wengi hurudi kwa ajili ya watu kuliko kwa ajili ya jani. Kwa ndugu zetu wa Kimijikenda mambo ni tofauti kidogo, maana mnazi unaingia kwenye mahari na kwenye matanga, na kuukataa kunaweza kuonekana kama kuwakataa wazee. Namjua mmoja ambaye huipokea kata kwa mikono miwili, akamkabidhi mzee aliyeketi karibu naye, na shughuli ikaendelea. Hajawahi kugombana na mtu.

Kudumu. Ni njia inayodumu vizuri kwa sababu ina adui mmoja tu. Nguvu zako zote zinakwenda mahali pamoja.

Inamfaa anayetoka kwenye uraibu mzito, mwenye familia inayokula kutokana na bahari, na yeyote ambaye swali lake ni kulewa na wala si wanyama. Asionekane kama aliyefika nusu. Mvuvi wa Likoni asiyevuta wala kunywa ameshika jambo zima.

Njia ya pili: vileo na nyama vitoke, maziwa na mayai vibaki

Watu wa Mombasa wanaijua njia hii kuliko wanavyodhani. Hekalu la Wajaini, watu wa dini iliyotoka India, lipo pale Langoni, na waumini wake hawali nyama wala samaki wala mayai, wengi hawagusi hata viazi na vitunguu kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua, lakini maziwa wanakunywa. Wahindu wengi wa mjini hula hivyohivyo, isipokuwa viazi wanavyo. Wasabato nao wamekatazwa pombe na tumbaku, na baadhi yao wameacha nyama. Kwa hiyo anayesema hii ni tabia ya kuiga watalii wa hoteli za Nyali hajatembea mtaa wa pili.

Mfuko. Kilo ya pojo au ya mbaazi inalisha nyumba siku kadhaa. Kilo ya nyama inaisha mchana mmoja. Utaokoa, ila si kama unavyookoa kwenye vileo. Tahadhari ni moja: ukiziba pengo la nyama kwa jibini na mtindi wa dukani, bei inarudi palepale.

Mwili. Njia nyepesi. Glasi ya maziwa ina karibu nusu ya vitamini B12 ambayo mtu mzima anahitaji kwa siku, na yai linaongeza kidogo. Protini haina shida: pojo na kunde zikiwa kavu, karibu robo ya uzito wake ni protini. Madini ya chuma ya kwenye nafaka na majani huingia mwilini kwa taabu kuliko ya nyama, basi kamulia ndimu, na chai ingoje saa moja baada ya chakula, maana chai huyazuia. Iodini ambayo mtu wa pwani huipata kwa samaki utaipata kwenye chumvi. Nchini kwetu sheria inataka chumvi ya kula itiwe iodini.

Sinia. Hapa kuna jambo la lugha ambalo lilinitaabisha mwaka mzima. Ukimwambia mwenyeji wa pwani "mimi sili nyama", atakuletea samaki wa kupaka kwa moyo mweupe kabisa. Hajakosea. Kwetu nyama ni nyama na samaki ni samaki, na yote ni kitoweo. Taja moja moja: sili nyama, kuku, samaki, wala kamba. Hapo utaeleweka.

La pili ni kujua pilau na biriani zinavyopikwa. Pilau ya Mswahili huiva ndani ya supu ya nyama, kila punje imeinywa. Ukiondoa vipande vya juu umeondoa vipande, nyama imebaki. Biriani yetu wali hupikwa mbali na masala mbali, na mara nyingi masala hupakuliwa pembeni au juu. Siku ya biriani unaweza kula wali ule mweupe na wa rangi, kachumbari, ndimu ya achari na ndizi, ukaondoka umeshiba na hakuna aliyegundua. Wali ukitiwa samli, kwa njia hii si tatizo.

Kudumu. Inadumu kwa sababu chai ya maziwa imebaki. Msione dogo hilo. Nyumba nyingi za Mombasa zinaanza siku kwa chai ya maziwa yenye iliki na mahamri, na kuiondoa ni kuvuruga asubuhi ya watu wote. Udhaifu wake ni kwa aliyeacha nyama kwa kumhurumia mnyama: siku moja atajiuliza ndama dume wa ng'ombe wa maziwa anakwenda wapi, na kuku wa mayai akichoka kutaga anaishia wapi. Jibu la yote mawili ni machinjioni. Wengine hukaa na jibu hilo kwa amani, wengine haliwapi usingizi.

Inamfaa anayeishi na wazazi au wakwe, mwenye watoto wadogo, na anayetaka kujaribu kabla ya kujifunga.

Njia ya tatu: hakuna kileo, hakuna cha mnyama

Hii ndiyo yangu, kwa hiyo mnivumilie nikikaa hapa.

Vyanzo vyake ni viwili, vyote vya mbali. Mwaka 1944, nchini Uingereza, Donald Watson na wenzake wachache walianzisha chama cha wasiotumia chochote cha mnyama, wakatunga na neno jipya la kujiita, ambalo sasa husikika kama vigani. Miaka ya mwanzo ya 1980, mjini Washington, Marekani, vijana wa muziki wa panki walichoka kuona wenzao wakifa kwa dawa na pombe. Kwenye kumbi za muziki waliokuwa na umri mdogo walichorwa X kubwa mgongoni mwa kiganja ili wasiuziwe pombe. Vijana wale wakaichukua alama hiyo wakajichora wenyewe, hata waliofikisha umri, kusema kwamba sisi hatunywi kwa kutaka kwetu. Harakati yao ikaitwa straight edge, na kufikia miaka ya 1990 wengi wao walikuwa wameunganisha na uvigani. Naipenda hadithi hiyo. Lakini sikuifuata hiyo. Mimi nilifuata sufuria ya mamangu: mbaazi za nazi, maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi, muhogo wa nazi, wali wa nazi. Nazi ilishafanya kazi ya maziwa pwani hii kabla ya Watson kuzaliwa.

Jirani wa karibu wa njia hii ni Marasta, ambao wengi hawali nyama wala hawanywi pombe. Tofauti yetu ni bangi, ambayo kwao ni ibada na kwangu ni kileo. Tunakula pamoja vizuri sana.

Mfuko. Ukipika mwenyewe, ndiyo njia rahisi kuliko zote. Asubuhi moja nilimuuliza mama anayeuza mahamri karibu na Mwembe Tayari, "Mama, haya umeyakandia nini?" Akacheka akinifungia manne kwenye gazeti: "Tui tu, mwanangu. Maziwa nitayatoa wapi kwa bei hii?" Chakula cha bei nafuu Mombasa mara nyingi hakina mnyama ndani: mbaazi, viazi karai, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu pale Mama Ngina, mahindi ya kuchoma, madafu. Gharama hupanda ukitafuta maziwa ya soya ya pakiti na nyama za bandia. Hivyo havihitajiki.

Cha kuuliza ni vitu vidogo. Mahamri ya wengine yana unga wa maziwa au yai. Kaimati za wengine zina mtindi. Halua ina samli. Mchicha unaweza kuwa umetiwa uduvi, na karai la viazi lilikaanga samaki asubuhi. Maharagwe ya hotelini mara nyingine huchemshwa kwa supu ya nyama ili yawe matamu. Uliza kwa upole, na ukubali jibu.

Mwili. Hapa ndipo nilipoteleza, na sitaki mwingine ateleze palepale. Miaka miwili ya mwanzo nilijisikia mwepesi kama kijana wa shule. Mwaka wa tatu nyayo zikaanza kufa ganzi usiku, ulimi ukawa mwekundu na wa kuuma, nikawa nasahau nilichofuata dukani. Nilidhani ni kazi. Nilipopimwa, B12 ilikuwa chini kabisa. Daktari alinieleza kwamba ini huhifadhi vitamini hiyo kwa miaka, ndiyo maana upungufu huchelewa kujitokeza, na kwamba majani ya kijani niliyokuwa nikiyala kwa wingi yana folate, vitamini nyingine, inayoweza kuficha dalili za upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiharibika kimyakimya. Nilidungwa sindano, nikapona, ila kidole kimoja cha mguu wa kushoto hakijarudi sawa mpaka leo.

Kwa hiyo nasema bila kupindisha: hakuna mmea wa Marikiti unaokupa B12 ya kutegemewa. Si mchicha, si mlonge, si uyoga. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na katika njia hii zinatoka kwenye kidonge au kwenye chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Muulize mwenye duka la dawa akupimie kiasi, na uombe kidonge kikavu, maana vingi vyenye ganda laini hutengenezwa kwa jelatini ya mnyama. Mengine yanapatikana jikoni: wimbi una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa kila gramu 100, basi uji wa wimbi uwe wa kila siku, ufuta nao unasaidia. Mjamzito na anayenyonyesha wasiingie njia hii bila kuzungumza na kliniki.

Dawa zenyewe ni jambo la peke yake. Nikiumwa nikaandikiwa dawa yenye kitu cha mnyama na hakuna nyingine, naimeza. Maisha haya nimeyachagua ili niishi.

Sinia. Nikiri kwamba hiki ndicho kipimo kigumu. Fikiri umeketi, sinia la pilau limetua, na mzee upande wako, kwa mapenzi, anakumegea kipande kizuri kuliko vyote anakisukuma upande wako wa sinia. Kile ni heshima. Ukirudisha mkono bila neno, umemvunjia uso. Mwaka wa kwanza nilikuwa najieleza kwa hotuba ndefu kuhusu wanyama, na wali ukapoa kwa watu wote. Sasa nasema, "Ami, Mungu akubariki, mimi nyama imenishinda, mpe mwanangu huyu," nakisogeza kwa kijana wa pembeni, naendelea na kachumbari. Anayetaka kujua zaidi ananiuliza kahawani, na hapo namweleza yote.

Suala la dini huja mara moja. Kwa Waislamu wenzangu: vileo havina mjadala, na kutokula nyama si dhambi. Dhambi ni kuiita haramu. Surat al-Maida, aya ya 87, inakataza kujiharimishia vizuri vilivyohalalishwa. Mimi sisemi nyama ni haramu, nasema mimi siili. Idd el-Hajj nashika mizani ya kugawa mafungu ya nyama kwa jirani zetu wasio na kitu, na sijaona kwamba mikono yangu imenisaliti.

Na kuna kivazi. Makubadhi ni ngozi. Nilikuwa na jozi ya babu, iliyoshonwa kwa uzi wa rangi, na kanzu bila makubadhi siku ya Idd niliona kama nusu ya vazi. Sikuzitupa, nilimpa mdogo wangu, maana kutupa kilichokwisha kuchunwa hakumrudishi ng'ombe. Navaa ndara za mpira zilizoshonwa vizuri. Mamangu bado hajazikubali.

Kudumu. Inadumu kwa mwenye sababu anayoiamini akiwa peke yake, anayejua kupika au anayeishi na mpishi anayemwelewa, na asiyeona haya kuuliza. Haidumu kwa aliyeingia kwa ajili ya kusifiwa. Inachosha sana mwaka wa kwanza. Kufikia wa tatu huioni tena.

Kwa mpigo au kidogo kidogo?

Sigara na muguka wengi huacha vizuri wakichagua siku na kukata. Ramadhani inasaidia: ukifunga umeshakaa zaidi ya saa 13 bila moshi, kazi iliyobaki ni ya kutoka futari mpaka daku. Futari yenyewe, ukiangalia mezani, ina mihogo, ndizi za nazi, viazi vitamu na mbaazi. Nusu ya njia ya tatu imeshapikwa.

Chakula kiende polepole. Ondoa kimoja, kaa nacho mwezi, kisha kingine. Mimi niliondoa vyote wiki moja, na kidole changu kinanikumbusha.

Ukijikuta hapa, fanya hivi

Unatumia unga, au unakunywa kila siku: njia ya kwanza peke yake, ukiwa mikononi mwa wataalamu. Chakula chako usikibadilishe mwaka mzima. Kula nyama, kula samaki, nenepa.

Wewe ni mvuvi, mchinjaji au mpishi wa hoteli ambaye lazima aonje mchuzi: njia ya kwanza, bila kujilaumu.

Unavuta na kutafuna maskani tu, afya bado ipo: njia ya kwanza, na ubadilishe saa ya jioni. Tafuta mpira, chuo, mazoezi Tononoka, chochote kinachoanza saa kumi na moja. Miezi sita ikipita salama, ndipo uzungumze habari ya nyama. Huyu ndiye kijana wangu wa kivukoni, na hili ndilo jibu lake.

Hujawahi kugusa kileo na moyo wako uko kwa wanyama: anza na njia ya pili mwezi mmoja, kisha ingia ya tatu na kidonge chako cha B12 kuanzia siku ya kwanza. Kidonge kitangulie kabla ya ganzi.

Unaishi kwa wakwe: njia ya pili. Siku zako za zamu jikoni pika ya tatu, mbaazi na wali wa nazi, wala usitangaze. Wakiomba tena, wapikie tena.

Una ujauzito au unalea mtoto mchanga: njia ya pili na kliniki yako. Ya tatu iwe kwa ushauri wa daktari anayekujua.

Umejaribu ya tatu ukaanguka: usirudi mpaka mwanzo. Rudi hatua moja, kwenye ya pili, na vileo viendelee kukaa nje.

Na kama una harusi Jumamosi hii, usingoje sinia litue. Mpigie simu Alhamisi anayesimamia jikoni, umuulize kitu kimoja tu: ni pilau au biriani?